Kilichobaki Chini ya Kifuniko

Kiponda, Unguja
14 Desemba 2003

Mdogo wangu Hisham,

Assalaam alaykum. Mama anakusalimu sana na anataka kujua kama koti ulilosahau kulichukua umeshanunua jingine, maana amesikia huko sasa kuna baridi. Mguu wake umepungua kuvimba, lakini ngazi bado zinamtesa. Tumemshushia godoro chumba cha chini, kile cha mkono wa kulia ukiingia. Mswala wake ameutandika kwenye sebule ndogo inayotazama uani. Shemeji yako Ridhwan anakusalimu pia.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yetu iko ukumbini, na anayezungumza na simu hapa anazungumza na nyumba nzima. Bahasha hii nimempa Bi Yusra, mwalimu wa skuli yetu. Mwanawe Abrahman yuko kwenye mizigo uwanja wa ndege na hakosi msafiri wa Maskati. Ukijibu tumia njia hiyo hiyo, na juu ya bahasha andika jina la Bi Yusra, si langu.

Nina swali moja kuhusu kompyuta uliyoniachia. Niliifungua Ijumaa kwa mara ya kwanza. Ulinambia nitaona skrini ya buluu na vijipicha upande wa kushoto. Sikuona hivyo. Ulikuja mstari uliokuwa ukijijaza pole pole, kisha kikatokea kitu ambacho tayari kiko wazi, kama kwamba mtu ameinuka kitini sasa hivi. Nikaifunga. Asubuhi nikaifungua tena, kikarudi kile kile, hakikupungua wala kuongezeka. Nimeirejea mara kadhaa na ni hivyo hivyo.

Kitu chenyewe sina haja ya kukueleza. Nataka kujua tu kama ni kawaida ya mashine hizi, na kama kuna jambo unataka nilifanye.

Karatasi ya uwakala uliyoiacha, ya wewe kusimamia nyumba kwa niaba yake, mama hajaitia sahihi. Anasema ataisoma kwanza, na miwani yake unaijua.

Dada yako akupendaye,
Kawthar


Ruwi, Maskati
23 Desemba 2003

Dada Kawthar,

Waalaykum salaam. Mwambie mama nimenunua koti, tena zito kuliko lile, asilale akiniwazia.

Barua yako nimeisoma na nimecheka. Unaandika kama polisi aliyekuta dirisha liko wazi. Kompyuta haijapandwa na jini. Imelala tu. Niliipanga mwenyewe kwamba ukifunga kifuniko, au umeme ukikatika na betri ikakaribia kwisha, isizimike ghafla. Ilale kwa namna ambayo ukiifungua unakuta kila kitu pale pale ulipoachia. Kwa mtu wa Unguja, umeme ukiwa kama mnavyoujua, hakuna mpango bora kuliko huo.

Kuiamsha upya ni kazi rahisi. Nenda kwenye kile kitufe cha chini upande wa kushoto, chagua kuzima kabisa, usifunge kifuniko tu. Itakuuliza kama unataka kuhifadhi. Jibu hapana. Usihifadhi chochote, hicho kilichomo si cha maana. Ukiiwasha mara ya pili utaipata safi na utaanza kujifunza kuandika barua za skuli kama tulivyopatana.

Kuhusu uwakala, nakuomba umhimize mama. Boriti za juu ya chumba cha nyuma zimeoza, ulinishikia taa mwenyewe ukaziona. Bila ya karatasi ile siwezi kuomba kibali cha kuezua wala kumlipa fundi Machano kutoka huku. Masika yakiingia dari halijaguswa, maji yatashuka mpaka ukumbini.

Nisalimie shemeji. Mwambie namdai samaki wa kuchoma wa Chwaka aliyeniahidi.

Ndugu yako,
Hisham


Kiponda, Unguja
4 Januari 2004

Hisham,

Barua yako imefika. Ulipopiga simu juzi nikakujibu habari za mvua, mama alikuwa kwenye kiti chake na Ridhwan mlangoni. Usidhani sikuwa na la kusema.

Sikuifuta. Nataka ulijue hilo mwanzo.

Sasa nitakwambia kilichomo, ingawa naamini unakijua. Ni ramani ya nyumba hii. Imechorwa kwa mistari myeusi, ghorofa moja moja, na vipimo vimeandikwa pembeni ya kila ukuta. Vyumba vya juu vimetiwa namba, moja mpaka saba. Chumba changu mimi na Ridhwan ni namba nne. Chumba cha mama cha chini kimeandikwa MAPOKEZI. Ile sebule ndogo inayotazama uani, anapotandika mswala wake, imeandikwa BAA.

Nimekaa mbele ya neno hilo kwa muda mrefu. Nikajiuliza ni nani aliyepima nyumba hii hivi karibuni. Wiki ya mwisho ya Ramadhani ulizunguka na tepu chumba hadi chumba, ukiandika kwenye karatasi. Ulisema ni kwa ajili ya boriti. Boriti ziko chumba kimoja. Ukapima mpaka choo.

Mimi ni karani, Hisham. Kazi yangu kila siku ni kuangalia kama kilichoandikwa na kilichosemwa vinalingana. Nilikuuliza kwa upole kama kuna jambo unataka nilifanye, sikukutajia nilichokiona, ili nione utasema nini. Hukuuliza hata ni kitu gani. Ulichonijibu ni: usihifadhi chochote, hicho kilichomo si cha maana.

Basi nikaichukua karatasi ya uwakala nikaisoma mwenyewe. Kifungu cha tatu kinasema wakala atakuwa na uwezo wa kutengeneza, kukodisha au kuuza. Kwa boriti mbovu, kwa nini liwepo neno kuuza?

Nilimuuliza Ridhwan, bila kumwambia sababu, kama aliwahi kuigusa kompyuta yako. Akanijibu hajui hata pa kuiwashia, na kwamba pale hotelini anapofanya kazi ya stoo hesabu zake zote bado anaziandika kwenye buku. Mama naye akiiona anaipita mbali kama paka wa watu. Tumebaki wewe na mimi, na mimi sijachora kitu.

Mama hajui lolote. Hatatia sahihi mpaka unijibu, na ukinijibu kwa mzaha hatatia kabisa.

Kawthar binti Nasser


Ruwi, Maskati
12 Januari 2004

Dada Kawthar,

Nimeiandika barua hii mara tatu. Mbili nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtu hamwambii dada yake mkubwa.

Ramani hiyo sijaichora wala sijaiona. Naapa, lakini najua hutaki kiapo, kwa hiyo nitakueleza jinsi mashine inavyofanya kazi, na wewe uangalie kama kilichoandikwa na kilichosemwa vinalingana.

Kompyuta ina kumbukumbu mbili. Moja ni ya kufanyia kazi. Kila unachokifungua kinakaa humo, ni nyepesi na ina kasi, lakini umeme ukiondoka haibaki na kitu. Ya pili ni diski, nzito na ya pole pole, lakini inashika hata ukiizima mwaka mzima. Mtu akisema amehifadhi kitu, maana yake amekitoa kwenye ile ya kwanza akakiweka kwenye ya pili.

Sasa fikiria wazee wa barazani wanacheza bao na adhana ya magharibi inawakuta katikati. Hawataki kuuvuruga mchezo, na watoto hawaaminiki kuachiwa lile bao. Basi mmoja anachukua karatasi, anaandika shimo hili lina kete tatu, hili halina kitu, hili lina tisa, mpaka yote yanakwisha. Halafu wanakusanya kete wanakwenda kusali. Kesho wanatandaza bao, wanarudisha kila kete kwenye shimo lake, na aliyekuwa karibu kufungwa bado yuko karibu kufungwa.

Ndivyo mashine inavyolala. Kabla ya kujizima inaichukua kumbukumbu yote ya kazi, shimo kwa shimo, na kuiandika kwenye diski kama faili moja kubwa. Ule mstari uliouona ukijijaza ni mashine inasoma faili hilo na kurudisha kete. Haijali ulichotaka kibaki na ulichotaka kipotee. Haijui ulichohifadhi na usichohifadhi. Inaandika yote.

Kwa hiyo, dada, hicho unachokiona ndicho kilichokuwa wazi mara ya mwisho mtu alipofunga kifuniko. Na mtu huyo si mimi. Usiku wa kuamkia safari niliizima kabisa, si kuilaza. Mama alikuwa pembeni yangu, muulize kama hakunambia nizime taa hiyo inayomulika. Baada ya pale mtu ameiwasha upya, amefanya kazi yake, kisha amefunga kifuniko akaondoka, akidhani kufunga ni kuzima. Tulikosea kuiacha juu ya kasha la mama, mahali ambapo kila mtu anafika.

Nilipokwambia usihifadhi, nilidhani ni barua zangu za kazi au picha za Idd. Ungeniambia ulichokiona, nisingekujibu vile. Uliniwekea mtego, halafu ukanilaumu kwa kuukanyaga.

Nakuomba mambo mawili. Kwanza, juu kabisa upande wa kushoto wa mchoro kuna neno. Libonyeze, itashuka orodha fupi. Chini ya orodha utaona majina ya michoro. Niandikie herufi ya kwanza kabisa ya jina la huo mchoro. Pili, chini ya skrini kuna ukanda mrefu. Kila kitu kilicho wazi kina kibao chake hapo. Niambie viko vingapi, na ubonyeze kila kimoja. Ramani iko juu kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu. Huenda kuna kitu chini yake.

Usiizime kabisa. Ukiizima tu, karatasi ya kete imechanika.

Hisham


Kiponda, Unguja
20 Januari 2004

Hisham,

Nimefanya uliyoagiza, nikiwa peke yangu na mlango umefungwa. Kompyuta siku hizi naiweka ndani ya kabati langu na ufunguo ninao mimi.

Herufi ni A. Imefuatwa na nukta mbili, mkwaju, yaani mstari ulioinama, kisha jina: nyumba2.

Vibao ni viwili. Cha kwanza ni ramani. Cha pili nilipokibonyeza zikatokea karata, zimepangwa safu saba juu ya rangi ya kijani, nyingine zimefunuliwa na nyingine zimelala kifudifudi. Ni mchezo ulioachwa katikati. Sikugusa.

Nilimuuliza mama habari ya usiku ule wa kabla ya safari yako. Amekumbuka taa. Hakumbuki kama uliizima mashine au uliifunika tu, na sikutaka kumchimba sana asije akauliza sababu.

Sasa nisikilize. Umenieleza habari ya bao na nimeielewa, ni maelezo mazuri. Lakini mtu anayejua namna mashine inavyokumbuka ndiye pia anayejua namna ya kuifanya ikumbuke anachotaka. Mimi siwezi kutofautisha. Ukinambia A ni ushahidi kwamba si wewe, nitaamini kwa sababu gani? Kwa sababu umesema wewe?

Na kifungu cha tatu hukukigusa. Barua ndefu yote ile, kete na mashimo, lakini neno kuuza hukulijibu.

Kuna jambo jipya. Ridhwan ameona nina mawazo. Juzi baada ya chakula akaniuliza kama nimegombana na wewe. Nikamwambia ni habari ya uwakala, kwamba sina raha nao. Sikumwambia zaidi. Akasema kwa heshima kabisa kwamba pengine kosa ni kumpa uwakala mtu aliye mbali, na kwamba kama mama ataridhia, yeye yuko tayari kubeba mzigo huo, maana yuko hapa hapa na fundi Machano anamuona kila siku. Akaenda mwenyewe kwa mama. Mama amefurahi. Alisema, "Mkwe aliye nyumbani si bora kuliko mwana aliye kwenye ndege?" Karatasi inaandikwa upya, kifungu kwa kifungu, jina lako linatoka na lake linaingia. Atatia sahihi siku ya tatu ya Idd Kubwa, na Mzee Silima wa nyumba ya pili atakuwa shahidi.

Mimi sikupinga. Nakwambia ili usije ukasema ulifichwa.

Kawthar


Ruwi, Maskati
27 Januari 2004

Dada,

Abrahman amenihakikishia bahasha hii itafika kabla ya Idd. Kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Kifungu cha tatu. Uwakala ule niliunakili kutoka kwa rafiki yangu wa hapa aliyempa kaka yake uwakala wa kuuza shamba. Nilibadilisha majina na mahali, maneno mengine sikuyasoma vizuri. Ni uzembe, na nastahili kulaumiwa kwa huo. Sasa angalia: karatasi hiyo hiyo, pamoja na neno hilo hilo, inaandikwa upya kwa jina la mwengine, na yeye pia hajasema liondolewe.

Herufi A ni tundu la disketi lililo ubavuni mwa mashine. Kitu kilichohifadhiwa ndani ya mashine yenyewe kingeanza na C. Mchoro huu umekuja na disketi na umeondoka na disketi. Mwenyewe aliichomoa akadhani ameondoka na kila kitu.

Vipimo nilivyoviandika niliviacha kwenye droo ya ukumbini, kwa sababu fundi Machano alivitaka vya nyumba nzima ili ajue uzito unaobebwa na kila ukuta. Na tepu haipimi ukuta ikiwa imeshikwa ncha moja. Unamkumbuka aliyenishikia ncha ya pili.

Jina sitaliandika, barua hii inapita mikono mingi. Na wewe huniamini, kwa hiyo hata nikiliandika utasema nasukuma kosa. Basi usimuulize mtu kitu. Mtu akiulizwa anajitayarisha. Iweke mashine mezani siku hiyo, karata ziwe juu na ramani iwe chini. Kisha toka, mwache mtu aliyesema hajui pa kuiwashia akae nayo. Kama hajui kweli, ataitazama tu, na mimi nitakubali lolote utakaloamini juu yangu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Sahihi isitangulie.

Hisham


Kiponda, Unguja
6 Februari 2004

Mdogo wangu Hisham,

Assalaam alaykum. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitakuandikia kama ninavyoandika kwenye daftari langu la siku, kwa mpangilio wake, na maoni utaweka mwenyewe.

Barua yako niliipata siku ya Arafa. Niliikasirikia. Nilikasirika zaidi kwa sababu nilipofika kwenye habari ya tepu nilimuona Ridhwan akirudi nyuma kwenye ukumbi na ncha mkononi, akiniambia nisogeze kiti. Nikakumbuka vile vile kwamba wiki uliyoondoka mimi na mama tulikwenda Mangapwani kwenye hitma ya Bi Rawiya, tukarudi jioni, na nyumba siku hiyo ilibaki na mtu mmoja. Hilo nililijua tangu mwanzo. Sikuwahi kuliweka karibu na lile jingine.

Idd ya tatu, baada ya alasiri, Mzee Silima alikuja na kanzu yake mpya. Mama alikaa kwenye kiti chake, Ridhwan kwenye zulia pembeni ya meza ndogo. Karatasi ilikuwa juu ya meza, na kalamu. Nikaileta kompyuta nikaiweka hapo hapo, nikasema nataka kumuonyesha Mzee Silima picha za Idd iliyopita. Nikafunua kifuniko. Karata nilikuwa nimeshaziweka juu tangu asubuhi. Mstari ukajijaza, zikatokea. Nikasema, ah, sijui imeniletea nini hii, ngoja kwanza nilete chai. Nikatoka.

Nilisimama kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo ukumbi unauona lakini wa ukumbini hawakuoni. Mzee Silima alikuwa akimhadithia mama habari ya mbuzi aliyeuziwa, pembe moja fupi, na namna muuzaji alivyoapa kwamba asubuhi zilikuwa zinalingana. Mama akicheka. Ridhwan alikuwa akiwasikiliza na akitazama skrini. Aliangalia mlango. Aliangalia skrini tena. Hisham, nilikuwa naomba asiinue mkono. Nakwambia kweli. Nilikuwa naomba wewe ndiye uwe mwongo.

Kidole chake kikaenda kwenye kile kibao kidogo cha kusukumia mshale. Akaivuta saba ya kopa akaiweka juu ya nane ya shupaza. Kisha akaigonga karata nyingine mara mbili kwa haraka ikaruka yenyewe kwenda juu mahali pake, jambo ambalo mimi sikujua kama linawezekana. Halafu nyingine. Hakufikiri. Alikuwa ameachia hapo na alikuwa anajua nini kinafuata. Mpaka akatabasamu.

Nikaingia na sinia.

"Umejifunza lini?" nikamuuliza.

"Hii? Mchezo wa watoto huu, mtu anaona tu." Na akaupeleka mshale kwenye pembe ya juu, pale pa kufungia, bila hata ya kupatafuta, akabonyeza. Karata zikaondoka.

Ramani ikabaki.

Ilijaa skrini nzima. Mzee Silima ndiye aliyekuwa karibu, akasogeza kichwa akasema, mbona kama nyumba hii. Ridhwan akafunga kifuniko. Hakukipiga, alikishusha taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na akaweka mkono juu yake.

Mama akasema, "Funua."

Akasema betri imekwisha, mama. Mama akasema, funua mwanangu, nshaona nusu, nataka kuona nusu ya pili.

Akafunua. Ule mstari, Hisham, sijawahi kuona ukienda pole pole namna ile.  Chai ilikuwa inapoa na sote wanne tunatazama mstari mweupe ukijijaza, na nilimuona usoni kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado na tamaa. Alidhani kwa vile disketi haimo, na yeye amefunga, basi itakuja tupu. Ikaja vile vile.

Mama alivaa miwani. Alisoma kila chumba, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye sebule ya uani akakisimamisha.

"Hapa ndipo ninaposalia?"

 Ridhwan alisema mengine mengi. Kwamba tajiri wake wa hotelini anatafuta nyumba ya pili, kwamba alimuuliza tu, na yeye akachora tu kumuonyesha. Kwamba kule kwenye mapokezi yao ndiko alikojifunzia kompyuta, akikaa na vijana wa zamu. Kwamba ngazi zinamuua mama na Chwaka kuna nyumba ya chini, ya upepo, isiyo na ngazi hata moja, na yote hayo alikuwa akimfikiria yeye. Pengine baadhi yake ni kweli. Mzee Silima alinyanyuka akasema amekumbuka mbuzi hajapewa maji.

Nilidhani mama atamfukuza. Hakumfukuza. Alikunja karatasi ya uwakala mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe uliiona lini?"

Nikamwambia. Sikuwa na namna ya kumficha.

"Tangu Desemba. Ukakaa na mimi, ukanipakulia, ukanikanda mguu, na ulijua mtu kaandika hivi kwenye mswala wangu. Ungeniacha nitie sahihi?"

Nikamwambia nilikuwa nakushuku wewe. Nilidhani ni jawabu. Lilipotoka mdomoni nikasikia mwenyewe lilivyo.

Ridhwan yuko kwa mama yake, mtaa wa Ng'ambo, tangu usiku ule. Hatujaachana na hatujapatana. Anatuma salamu kila siku na mimi napokea salamu. Nikimkumbuka namuona akitabasamu na zile karata, na hilo ndilo linalonishinda zaidi, kuliko ramani.

Kwako wewe naomba radhi. Siombi unisamehe haraka. Najua kwamba kama Ridhwan asingeinua mkono, mpaka leo ningekuwa nakuita mwizi, na ningekuwa na sababu zilizopangika vizuri.

Mama ameamua hivi. Uwakala utaandikwa upya, wa boriti na dari tu, bila kifungu cha tatu. Utakuwa kwa majina mawili, lako na langu, na hakuna mmoja atakayeweza kufanya jambo bila ya mwenzake. Anataka uje utie sahihi mbele yake, kabla ya masika, na unieleze ukiwa umekaa, si kwa barua, kwa nini hukuisoma karatasi uliyotaka yeye aitie sahihi. Amesema "akueleze wewe" lakini nadhani alikuwa na maana umueleze yeye. Au sote wawili. Usije na majibu ya kete.

Jana usiku nilimwambia mama kwamba sasa najua namna ya kuizima mashine kabisa, na nikifanya hivyo ramani itaondoka na hatutaiona tena. Nilidhani atapumua. Alikuwa ameshatandika mswala, ameshafunga ushungi. Aliitazama kule juu ya meza.

Akasema isizimwe. Ifungwe tu.

Dada yako,
Kawthar